Sitaki Toki-woki Inayosikika Vizuri

Butembo, tarehe 9 Machi 2001

Kwa Bwana Malachie,
Rais wa Komite ya Wadeplase, parokiani

Bwana Rais,

Baada ya salamu na heshima, naleta malalamiko. Komite imejaribu toki-woki, zile redio za mkononi, za aina mbili za mfanyabiashara Moustapha, za bei ndogo na za bei kali, ili sisi wadeplase tuliokimbia vita tupate habari za waliobaki vijijini. Nasikia mmechagua za bei kali. Mimi nimezishika zote kwa mikono yangu, kule juu ya kilima cha Rughenda, na naomba mzirudishe. Sababu zangu ni hizi:

1. Ya bei kali haina adabu. Ina namba ya siri. Ukiita mtu, anajibu yeye peke yake. Ya bei ndogo iko wazi kwa wote. Jumatatu niliita "Nzanzu", nikimtafuta binamu yangu aliyehamia ng'ambo ya mji. Mnajua kwetu kila nyumba ina kifungua mimba, na wengi wao ni Nzanzu, mimi nikiwa mmoja. Walijibu saba. "Ni miye! Nani ananiita?" "Hapana, ni miye, wewe nyamaza!" Wa saba alikuwa askari, alitutukana kwa Kilingala, kisha akauliza kwa Kinande chetu kama mvua imenyesha kwao. Binamu yangu hakuwemo, lakini tangu nikimbie sijapata asubuhi ya salamu nyingi kama ile.

2. Ya bei ndogo inatosheka na mawe ya tochi, yaani betri, ambayo yakichoka tunayaanika juani. Ya bei kali inataka jenereta ya parokia. Nani amewahi kuanika jenereta?

3. Ya bei kali inasema wazi mno. Ya bei ndogo inafika kijijini kwetu Kipese kwa vipande. Nilipouliza habari za mbuzi wangu, nilisikia "krrr, mbuzi, krrr", nikaelewa kwamba wanaendelea vizuri. Kwa ya bei kali, jirani yangu Lusenge, aliyebaki kule, alinieleza kwamba wote wameliwa, akaongeza na namna walivyopikwa. Kwa ya bei ndogo ningekuwa mfugaji hadi leo.

4. Hii ndiyo yenyewe. Ndogo yangu, dada yangu Godelive, alibaki Kipese siku tulipokimbia, miaka mitatu sasa. Hakuna aliyeniambia kwamba yuko hai, wala kwamba amekufa. Ya bei ndogo inapokwaruza, kila sauti ya mwanamke inaweza kuwa yake. Kuchagua ni juu yangu. Mkileta chombo kinachosema kweli, mtu atamwuliza Lusenge, na Lusenge hafichi kitu. Mmeona kwa mbuzi. Mimi sitauliza. Lakini chombo kikiwepo, mwingine ataniulizia kwa wema wake.

Kwa hiyo zirudishwe kabla ya Jumapili. Komite ikikataa, basi angalau Lusenge apewe ile mbaya inayokwaruza.

Naweka kalamu chini kwa heshima ile ile niliyoishikia. Salamu kwa wanakomite, kwa Mama Kyakimwa na majirani wote wa hema lake, na kwa Moustapha, ambaye sina ugomvi naye.

Nzanzu Ananie,
mwalimu wa zamani, Kipese

N.B. Nilikuwa nafunga bahasha wakati Jokébed, mtunza redio wenu, alipokuja mbio: kuna mwanamke wa Kipese anauliza kama kaka yake mwalimu angali hai. Nimepanda Rughenda bila viatu. Ni Godelive. Amenigombeza sana, anasema alingoja miaka mitatu niulize. Jokébed amemfundisha kusema "à vous", yaani "zamu yako", akimaliza, ili nami nijibu, lakini hajamaliza; naandika haya nikimsikiliza. Bwana Rais, toki-woki zibaki. Ameanza na siku ile tulipokimbia, na bado hatujafika saa sita mchana.