Mshale wa Jirani Unasoma Nne

Jumatatu, 3 Machi
Pampu ya kisima imepata wazimu. Ta! Inawaka. Ta! Inazima. Nikinawa mikono tu, imeshawaka mara sita. Maji bafuni yanatoka kwa kubembelezwa. Hilo ningevumilia. Lakini mke wangu karudi na taulo kichwani, anang'aa, anasema kaoga kwa jirani. Eti maji ya jirani yanakanda mgongo. Yanakanda! Sina wivu. Roho tu iliniuma mpaka chakula kikanishinda. Na Alhamisi anakuja mama mkwe. Naye akienda kuoga kule, mimi ni mkwe wa nini?

Jumanne, 4 Machi
Jirani kachungulia juu ya ukuta, hakuna aliyemwita. Kasema tangi langu la presha limeishiwa upepo. Nizime umeme, nimwage maji yote, ndipo nipime kwa geji ya matairi. Nikamjibu nayajua hayo tangu yeye hajamiliki spana. Nimwage maji yangu yote! Kikulacho ki nguoni mwako. Nimepima tangi likiwa limejaa. Geji ikasoma vizuri kabisa. Upepo tele! Mwongo mkubwa.

Kisha nikaenda kwake kuazima ngazi nisiyoihitaji, nikaiona saa yake ya presha. Mshale unasoma nne. Basi wangu utasoma sita! Nimeikaza nati ya swichi, ile inayoamua pampu izime presha ikifika wapi, mpaka spana ikalia.

Jumatano, 5 Machi
Pampu haijazima tangu alfajiri. Nikamwambia mke wangu yetu si mvivu kama za watu. Mshale ukafika tano, ukagoma. Saa nane mchana, harufu ya plastiki ya moto. Halafu kimya. Hata tone! Mke wangu kasema mchimba kisima huingia mwenyewe. Nikamkumbusha kuwa kisima hiki sikukichimba, nilikikuta.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kafika na vumbi la safari. Dakika kumi baadaye anakatiza kwenda kwa jirani, taulo begani. Taulo letu! Karudi laini, anamwita jirani mwanangu. Mimi ananiita huyu.

Jirani kaja na geji. Kasema pampu haijaungua, ilijizima yenyewe kwa joto. Kazima umeme, kamwaga maji, kapima. Upepo hakuna, nilichopima mimi kilikuwa msukumo wa maji. Kajaza kwa pampu ya baiskeli, kailegeza nati yangu hadi pale ilipokuwa, kawasha. Nusu saa! Kasema kwa upole kwamba sote hukosea. Huo upole ndio unaoniua.

Ijumaa, 7 Machi
Pampu imetulia. Inawaka, inajaza, inapumzika. Mama mkwe kaoga kwetu! Kaniita mwanangu, mke wangu akisikia. Machozi yalinilenga. Halafu akaongeza kuwa sasa maji yetu yako sawasawa na ya jirani.

Sawasawa!

Neno hilo nalitafuna tangu asubuhi. Wote wameenda sokoni. Nimeichukua spana. Nati nimeizungusha kidogo tu, raundi tatu. Saa nzima sasa pampu inanguruma bila kupumzika. Hiyo ndiyo pampu!