Hesabu ya Pampu ya Bwawa la Vibeke

Jumatatu, 7 Julai

Joto kali tena. Mke wangu Vibeke bado yuko hospitalini Aarhus, amepasuliwa moyo. Kwenye simu hakuniulizia mimi. Aliulizia koi, samaki wake wa mapambo bwawani. Nikamwambia wazima wote, na Tulle, yule mkongwe mweupe ambaye Vibeke amemlea miaka ishirini, anamsalimia. Akanikumbusha pampu isizimwe hata kidogo, hasa joto likizidi, maana maji yakitulia samaki hukosa hewa. Nikasema nimesikia. Kusikia nilisikia.

Kisha jirani yetu Kjeld akachungulia juu ya ua kunionyesha bili yake. Tangu aweke sola anatabasamu kama bwana harusi. Akauliza bwawa letu linakula umeme kiasi gani. Sikujua! Mimi, niliyefundisha hesabu maisha yangu yote! Aibu.

Nikakokotoa. Wati mia na ishirini, mara saa ishirini na nne: uniti elfu mbili mia nane na themanini kwa siku! Nikaketi chini. Tutauza nyumba! Baada ya kahawa nikakumbuka kugawa kwa elfu moja. Uniti tatu kasoro kidogo. Kama kroner saba kwa siku. Kwa mwaka, elfu mbili na nusu. Bado ni wizi.

Jumatano, 9 Julai

Dawa imepatikana. Bei ya umeme hubadilika kila saa, na kila mwenye akili huiangalia kwenye simu kabla ya kufua nguo. Ghali kabisa ni kuanzia saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku. Nimenunua swichi yenye saa. Jioni pampu inalala. Samaki hawajalalamika. Kjeld aliuliza mbona maji yamenyamaza. Nikamjibu kwamba akili ikifanya kazi haipigi kelele. Akasema, "Torkild bwana, ile ni pampu, siyo mashine ya kufulia." Wivu tu.

Jumapili, 13 Julai

Siku ya siku! Jua, upepo, umeme tele, na bei chini ya sifuri mchana kutwa. Yaani wanakulipa ili utumie! Jana, bei za leo zilipotangazwa, nilinunua pampu ya pili, kubwa mara nne. Nikaiwasha, nikakaa na bia yangu kusubiri faida. Tope lote likapanda. Bwawa likageuka uji. Kjeld alicheka hadi akashikilia ua. Akanieleza, kwa upole unaoudhi, kwamba kilichoshuka chini ya sifuri ni bei ya umeme mtupu. Kodi na ada ya nyaya ziko palepale. Nilikuwa nalipa! Nikamwambia nilijua.

Nikaingia ndani kuhakikisha. Kweli. Nimeumia hadi kwenye maini. Hasara hii lazima irudi. Kuanzia leo pampu zote zinazimwa jioni hadi asubuhi.

Jumatatu, 14 Julai

Alfajiri samaki wote walikuwa juu ya maji, midomo wazi, wakinitazama. Hatimaye wamenizoea! Nikawapa chakula mara mbili. Nilimsimulia Vibeke, akacheka. Kisha akauliza midomo ilikuwa wazi namna gani. Nikasema simu inakatakata. Nikaikata.

Jumanne, 15 Julai

Wamekufa. Niliwakuta wamelala ubavu juu ya maji. Tulle peke yake alikuwa bado anavuta pumzi, kwa shida. Kjeld aliruka ua na nguo zake za kulalia, akawasha pampu, akaingia majini hadi kiunoni na kumshikilia Tulle pale maji yanapobubujika. Alimshikilia muda mrefu. Haikusaidia. Hakunicheka. Afadhali angenicheka. Tumewazika chini ya mti wa tufaha. Nimelia. Naandika kwa kuwa hakuna anayesoma humu.

Alhamisi, 17 Julai

Vibeke amerudi. Amekonda, anatembea kwa kushika ukuta. Alikwenda moja kwa moja bwawani, mfuko wa chakula cha samaki mkononi. Nikaanza kumweleza kuhusu bei za jioni. Akaniomba ninyamaze. Alikaa pale hadi kahawa niliyomletea ikapoa. Akasema kwamba walipomchoma sindano ya usingizi, alikuwa akijiona anamlisha Tulle kiganjani. Kisha akampigia simu dada yake.

Jumapili, 20 Julai

Dada yake Gerda alimchukua jana. Vibeke hakusema atarudi lini. Alisema tu, "Nilikuachia kazi moja, Torkild." Nyumba imekuwa kimya mno. Nimezunguka vyumbani kama mtu aliyepoteza funguo.

Jioni nikafungua simu kuangalia matumizi, angalau nipate cha kufanya. Pampu: sifuri. Maji moto ya kuoga: nusu. Jiko halijawashwa tangu aondoke. Nimemshinda Kjeld na sola zake zote! Nikakimbilia kwenye ua kumwonyesha. Akaitazama simu, akanitazama mimi, akaingia ndani. Hana la kujibu. Kesho naanza kuzima friji usiku.