Dibaji Kabla ya Kengele

Jumatatu, 6 Januari

Alhamdulillahi kwa kila hali. Matokeo ya mjukuu wangu yametoka. Alama zake zimepungua kidogo, na shule ya sekondari ya kilimani haipokei upungufu.

Mama yake, binti yangu, ni muuguzi. Alikuwa ametoka zamu. Aliketi kwenye ngazi asivue hata viatu. Mwanangu wa kiume, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akasema kwake ipo nafasi: mtoto akasimame nyuma ya meza apime misumari. Alisema kwa nia njema. Nia njema nayo huweza kumzika mtu.

Mtoto alisikia. Akaenda uani, akawa anaurusha mpira ukutani na kuudaka, anaurusha na kuudaka, hata nikamkumbusha kwamba magharibi imekaribia.

Nimetia nia. Mjukuu wangu hatapima misumari.

Jumanne, 7 Januari

Mwenyezi Mungu hafungi mlango ila hufungua mwingine, ijapokuwa leo aliufungua kwa mkono wa fundi saa. Huyu ni jirani yangu, na mwenzangu wa safu ya kwanza msikitini, mahali ambapo hupenda kuketi penye mto wangu. Baada ya alasiri alinieleza kwamba shule ile huacha nafasi chache kwa wenye vipaji: wachoraji, waimbaji, waghani wa mashairi, wanamichezo. Usaili ni wiki ijayo. Mjukuu wake ataingia kwa kuchora. Alitabasamu kama mtu aliyekwisha kula na kunawa.

Nikamwambia kwamba wangu ana kipaji kilichozidi hicho. Akauliza ni kipi. Nikamjibu kwamba macho hayana pazia, atakiona.

Njiani nilikuwa na kazi ya kufikiri ni kipi.

Nilipofika mlangoni nilikwisha kujua. Miaka arobaini nimefundisha watoto dini na mashairi katika baraza yangu. Mtoto aliyekulia barazani humo awe nini kama si mghani? Shairi nitalitunga mimi.

Mke wangu akasema kipaji cha mtoto kinajulikana mtaa mzima, isipokuwa kwa babu yake. Mbona wenzake humwita Gundi? Nikamwambia kwamba huo ndio ushahidi wenyewe: beti zikimwingia kichwani hazibanduki. Akarudi kwenye vitunguu vyake.

Jumatano, 8 Januari

Darasa la barazani. Desturi yangu ni moja: asinziaye hurushiwa kipande cha chaki. Simkosi mtu. Wako wazee wenye vitambi leo ambao bado hujishika masikio wakiniona natia mkono mfukoni.

Huyu mjukuu peke yake ndiye aliyenishinda. Tangu akiwa na meno ya maziwa hajapata kuguswa na chaki. Akiwa nusu usingizini huunyanyua mkono, akaidaka, akasimama, akaniletea kwa mikono miwili na kuinama. Ni heshima, sikatai. Lakini ni heshima inayoyazuia malezi. Mtoto asiyefikiwa na chaki atanyookaje?

Leo nilimrushia mara kadhaa, kwa ajili ya faida yake. Alinirudishia zote.

Alhamisi, 9 Januari

Shairi limekamilika. Beti kumi na mbili za kuisifu elimu, vina vimetulia, mizani haina kilema. Nililia kidogo katika ubeti wa saba.

Kwa kuwa mtu haingii nyumba ya watu kupitia dirishani, nimetanguliza dibaji. Kwanza kumshukuru Mola. Kisha salamu kwa mkuu wa shule, kwa walimu kulingana na vyeo vyao, kwa wazazi waliopo na kwa wale waliotangulia mbele ya haki. Kuomba radhi kwa makosa yatakayotokea. Kuomba radhi kwa yale yaliyokwisha kutokea. Mwisho kuomba ruhusa ya kuanza.

Mke wangu akasema mimi hata chumvi nikiiomba huanza na hotuba, chakula kikapoa. Ila nakumbuka kwamba chumvi huletwa.

Ijumaa, 10 Januari

Fundi saa alinishika mkono tulipokuwa tukivaa viatu. Akasema kila mtoto hupewa dakika tatu, kisha kengele, na ikilia imelia, hata uwe malaika. Akanisihi nimwambie mtoto aende moja kwa moja kwenye jambo lake.

Nikaiona hila. Amesikia habari za dibaji, moyo umemwingia baridi. Na zaidi ya hayo, mtu ashindaye kutwa na vijisahani vya saa huiona dunia nzima kuwa ni dakika. Nilimshukuru kwa upole uliomchoma, natumaini.

Nyumbani nilikuta jambo lisilopendeza. Bibi amesimama dirishani mwa jikoni akimrushia mjukuu vitunguu. Mtoto yuko uani akiruka kulia na kushoto, amejaa vumbi mpaka nyusini, anavitia kikapuni kimoja kimoja. Hakuna kilichoanguka. Nikawaambia kwamba vumbi huharibu sauti. Mpira nikauficha ndani ya pipa la unga.

Baada ya isha mtoto alikuja akapiga magoti. Akasema, babu, naomba nikajaribiwe golini. Nikamweleza kwa upole kwamba golini hakuna vina wala mizani, na kwamba mjukuu wa kike wa mwalimu hajitupi chini mbele ya watu. Akasema, haya babu. Akaanza dibaji tangu mwanzo bila kosa.

Utii wake uliniliza moyo. Nikauhesabu kuwa ni furaha.

Jumapili, 12 Januari

Nimepata habari kwamba mmoja wa majaji ni mwalimu mstaafu wa muziki, mzee wa makamo yangu, ambaye hutembea asubuhi kando ya uwanja. Nikabuni mkakati: alisikie shairi kana kwamba ni kwa bahati, sikio lilizoee.

Nikamfuata nyuma kwa hatua za adabu nikighani. Akaongeza mwendo. Nami nikaongeza. Katika ubeti wa nne alikuwa karibu kukimbia, na mimi pumzi ilikwisha kwenye kina cha kati. Akaingia nyumba isiyo yake.

Hata hivyo beti tatu amezisikia. Si haba.

Mpira umeonekana. Mke wangu alikwenda kuchota unga. Aliyosema siyaandiki humu.

Jumatano, 15 Januari

Siku ya usaili.

Ukumbi ulikuwa na meza ya majaji mbele, na mabenchi ya wazazi nyuma. Mjukuu wa fundi saa alionyesha picha ya mkono wa babu yake ukishika saa. Watu wakanong'ona kwa kustaajabu. Picha ndogo.

Akaitwa wangu. Alisimama wima, mikono mbele, nguo nyeupe. Akamshukuru Mola. Akawasalimu wakubwa. Sauti ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Alipofika kwa wazazi waliotangulia mbele ya haki, nilimwona yule mwalimu wa muziki ameinamisha kichwa. Nikasema moyoni, ameguswa. Mtoto akaomba radhi ya kwanza. Akaomba radhi ya pili. Akafungua kinywa kuomba ruhusa ya kuanza.

Kengele ikalia.

Mkuu wa shule akasema ahsante, mwanangu, afuataye. Mjukuu wangu alibaki na kinywa wazi. Hakulia. Aligeuza macho akanitafuta, na machoni mwake hamkuwa na lawama hata chembe. Laiti angalilaumu. Niliiona ile meza ya misumari, naye nyuma yake, mwaka hadi mwaka.

Hapo ndipo nilipomtazama tena mwalimu wa muziki. Hakuguswa. Alikuwa amelala.

Mkono ulikwenda wenyewe. Baada ya miaka arobaini mkono haumwombi mtu ruhusa. Chaki ilitoka benchi la nyuma ikielekea sikio la mzee wa watu. Mjukuu wangu aliruka ubavuni, mwili mzima hewani, nguo nyeupe na yote, akainyaka ikiwa imebaki shubiri moja. Akaanguka, akajiviringisha, akainuka. Akatembea ukumbi mzima, akanirudishia kwa mikono miwili.

Mwalimu wa muziki akazinduka akasema ruhusa imetolewa.

Pembeni mwa meza alikaa mwalimu wa michezo, mwanamke mwenye filimbi shingoni ambaye hadi hapo alikuwa anajikuna. Alisimama. Akachukua kifutio cha ubao, akamrushia mtoto bila kumwonya. Kikadakwa. Akamrushia sanduku la chaki. Zikatawanyika, mtoto akapata sanduku na chaki kiasi cha viganja viwili. Mwanamke akamwuliza amefundishwa na nani. Mtoto akaninyooshea kidole. Wakatoka pamoja kwenda uwanjani, na ukumbi mzima nyuma yao.

Mimi nilibaki na mwalimu wa muziki. Alikuwa ametoa ruhusa, nami si mtu wa kuiacha ruhusa ipotee. Nilimsomea beti zote kumi na mbili. Alifumba macho tangu wa pili, kwa kuzingatia.

Jioni fundi saa alinisimulia maneno mengi ya mpira: wasichana wa timu ya shule walipiga hadi wakachoka, hapakupita kitu, mtoto kapasua goti anacheka. Nilimsikiliza kwa subira. Hajui mashairi, maskini.

Jumatatu, 20 Januari

Amepata. Shukrani zote ni za Mola Mlezi.

Mama yake aliketi kwenye ngazi ile ile, akavua viatu, akalia. Mjomba wa mtoto alileta sanduku la bati la kuwekea nguo na kufuli yake, akasema misumari itajipima.

Wamemwandika kuwa amepokewa kwa ulinzi wa lango. Naelewa. Wangemwandika kwa ushairi, waghani wengine wangevunjika moyo. Ni busara ya wakubwa, nami nitaihifadhi siri hiyo.

Nilipomweleza mke wangu, alicheka hadi akashika ukuta.

Jumapili, 26 Januari

Tumemfikisha shuleni. Mlangoni aliubusu mkono wangu akasema, babu, zile chaki zako ndizo zilizonifundisha. Nikampapasa kichwa. Mtoto huona kitu kidogo akakisahau kikubwa. Nikamwambia ni dibaji, mwanangu, na kabla ya kila mechi aisome yote, refa atasubiri. Akasema, haya babu. Fundi saa, aliyekuwa amemleta wake, alikohoa.

Nimelitafakari tukio zima kwa utulivu, na kosa nimeliona. Dibaji ilikuwa fupi. Watu hawakupata nafasi ya kutulia, ndiyo maana kengele ikawa na haraka. Nimeongeza salamu kwa majirani wa shule na dua ya mvua.

Kwani yuko mdogo wake, ambaye zamu yake haiko mbali. Bibi yake anasema huyo kutwa huchora kwa mkaa ukutani, eti nyuso hutaka kusema. Nimeamuru ukuta upakwe chokaa, na jana nilianza kumfundisha kughani.

Akasinzia kwenye neno la kwanza. Nikarusha chaki. Ikampata katikati ya paji la uso, barabara.

Machozi ya furaha yalinilenga. Huyu sasa ndiye mwenye kipaji.