Diplôme ya Programmation: Inalipa ao Hailipe?

Jumatatu, 2 Septemba 2013

Bon! Zamu yetu ya likelemba imefika. Kila mwezi bamaman wa kikundi cha maombi wanachanga, mumoja anabeba yote. Mwezi huu ni bibi yangu wa ndoa, Kahambu. Mimi ninataka ile pesa inilipie masomo ya jioni: programmation ya kompyuta, miaka tatu, diplôme. Nimechoka na kazi ya gardien kule Schuman, kwenye mabureau ya Ulaya, kufungulia mulango bantu wenye badge. Kahambu yeye anataka permis ya kuendesha gari, juu kazi yake ya kutunza bazee nyumbani kwao inaomba muntu mwenye permis. Akasema: shule inafunga uandikishaji Ijumaa, mpaka siku ile unionyeshe kama diplôme inalipa kweli. Ukishindwa, mimi naenda auto-école kujifunza gari.

Sawa! Nitafanya enquête, nitachunguza.

Jumanne, 3 Septemba

Nilienda kwa Donat, jirani yetu hapa Berchem. Alisoma masomo ile ile. Diplôme yake inaning'inia salon, ndani ya cadre ya dhahabu. Nikamuuliza: inalipa? Akajibu: inategemea. Inategemea nini? Inategemea muntu. Jibu gani hii! Miaka tatu ya shule kwa kujifunza kusema inategemea?

Mushahara wa muntu hauulizwe, ni haya. Donc nikatumia akili. Nikaomba maji, nikaenda kufungua frigo mwenyewe. Frigo haidanganye. Ndani: nusu ya kitunguu, na mayonnaise. Basi. Bibi yake, Mathilde, akanikuta kichwa kiko ndani. Nikasema natafuta baridi. Akaniangalia kwa huruma.

Nimewaza sana. Frigo tupu maana yake wanakula restaurant kila siku. Inalipa!

Jumatano, 4 Septemba

Jioni shule ilikaribisha wenye kutaka kujaribu. Mwalimu, Madame Yolande, hakuficha kitu: wanaoanza ni wengi, wanaomaliza ni wachache, na diplôme peke yake haikupe kazi kama haufanye mazoezi nyumbani kila siku. Sikupenda ile sehemu.

Akatupa zoezi: amuru kompyuta iandike jina lako mara tano. Yangu ikaanza: Élisée, Élisée, Élisée... haikusimama! Wengine mara tano, mimi bila mwisho. Nilijiona mukubwa. Madame akakuja akaizima, akasema mashine haina kosa, ni mimi sikuiambia isimame wapi.

Ndani ya metro nikabaki kujiuliza: wapi? Ningeiambia namna gani? Nikapita kituo changu. Tangu nikiwa mutoto, kitu hakijanisumbua hivi kwa utamu. Ninaitaka ile shule, kweli ninaitaka.

Alhamisi, 5 Septemba

Kahambu amekataa enquête yangu. Anasema frigo si preuve, haionyeshe mushahara. Bon. Kuna njia ingine.

Kwetu kanisani muntu anaweza kutoa ushuhuda kwa imani, kabla kitu hakijafika. Na ukishautoa mbele ya bantu, nani atapinga? Hata bibi yako hawezi! Basi, kwenye maombi ya kikundi nikasimama. Nikapaza sauti: Bwana ameisha kunipa diplôme! Ameisha kunipa kazi ya bureau kule Gare du Nord, étage ya juu kabisa ya jengo! Vigelegele! Bamaman wakaimba, wakapiga makofi.

Alors maman Régine, anayesimamia likelemba, akafuta machozi. Akasema: Mungu asifiwe! Kama Élisée ameisha kupata, zamu yao iende kwa mwenye shida, wao watabeba ya mwisho, mwaka kesho. Wote wakasema Amina.

Hata mimi nilisema Amina. Ningefanya nini? Nimukane Mungu mbele ya bamaman?

Pesa imeenda kwa Mathilde, bibi ya Donat, naye anachanga kwenye kikundi. Kumbe Donat hana kazi tangu mwezi wa sita! Société aliyofanyia kazi ilipeleka kazi yote inchi ingine.

Ijumaa, 6 Septemba

Kahambu amenikasirikia. Chini ya muto wake nimekuta kitabu cha code de la route, sheria za barabara, kurasa zimechoka kwa kufunguliwa. Kumbe alikuwa anajifunza ndani ya tram kila asubuhi. Nilijisikia vibaya. Vibaya sana. Na shule imefunga uandikishaji.

Donat akapita kutushukuru. Ile pesa atalipia masomo ingine, mafupi, juu yale ya zamani yamezeeka. Nikamubana: sasa sema, diplôme ilikulipa ao haikukulipa? Akasema ilimulisha miaka saba, ikamuacha siku moja, na angeisoma tena. Sasa hii ni ndiyo ao hapana? Muntu mwenyewe hajui! Nimebaki na maulizo mengi kuliko Jumatatu.

Jumapili, 8 Septemba

Leo nimetengeneza mambo na Kahambu.

Kanisani pasta akauliza nani iko na ushuhuda. Kahambu akanishika koti haraka. Nikachomoka. Safari hii haikuwa kwa ajili yangu, hapana, ilikuwa kwa ajili yake tu. Nikatangaza kwa imani: Bwana ameisha kumupa bibi yangu permis! Kanisa zima likasimama. Pasta akamubariki, akamutia ufunguo wa minibus mukononi: Jumamosi ni yeye ataendesha, apeleke waimbaji wa chorale kule muji wa Anvers.

Tangu tutoke kanisani amekaa kwenye kiti na ule ufunguo, anahesabu kwa vidole siku zinazobaki mpaka Jumamosi. Furaha imemujaa kabisa.