Mama Yu Hai Ukurasa wa Kushoto

Jumatatu, 4 Machi
Mhariri wangu amepiga simu. Anataka kuchapa riwaya yangu fupi kwa lugha mbili: ya kwetu ukurasa wa kushoto, ya huku wa kulia. Anauliza nitampelekea lini ile nakala ya kwanza, ya lugha ya kwetu. Hakuna nakala ya kwanza! Nilimdanganya kwamba niliandika kwa lugha ya nyumbani, kisha nikatafsiri huku nalia. Mhamiaji anayelia huuza vitabu. Nimeahidi mwisho wa mwezi.

Jumanne, 5 Machi
Najitafsiri kinyumenyume. Ajabu! Shajara hii inatiririka, labda kwa kuwa humu hakuna wa kumdanganya. Nikigusa riwaya, wahusika wanaongea kama tangazo la serikali. Mpango: nimsomee Mama kwa simu, anisahihishe. Nikampigia. Akacheka mpaka akakohoa, akauliza huyo anayeongea ni mtu au ni redio. Kisha akayasema yeye, kwa namna yake. Maneno mepesi, yamekolea chumvi. Nikanakili. Nimeona raha na aibu kwa pamoja.

Alhamisi, 7 Machi
Balaa! Nilikuwa nasoma kwa mbwembwe, nikasahau kwamba sura ya tatu namzika mama. Mama wa kitabuni, mwenye kovu la pasi mkononi lilelile la Mama! Mama akanikatiza. Akauliza amekufa kwa ugonjwa gani. Nikasema kisukari. Akasema yeye sukari hana. Kisha akauliza, taratibu, kama mwanawe alikwenda mazikoni. Hakwenda. Alikosa nauli. Mama akakata simu. Nimelia, na safari hii bila mpango wowote.

Jumamosi, 9 Machi
Hapokei. Dada anasema Mama haongei na wauaji. Nikamtuma dada: mwambie ukurasa wa kushoto amepona. Mama akapiga papo hapo! Ana masharti: apunguziwe umri, asikohoe, na mwana arudi nyumbani kumwona. Akasema, nikaandika. Ndiyo sura tamu kuliko kitabu kizima, na si yangu. Ukurasa wa kulia nimemwacha marehemu. Lugha ya huku Mama haisomi.

Jumatano, 17 Aprili
Mhariri alimpa mtu asome ule wa kushoto. Nikajua nimekwisha. Kumbe amefurahi! Mama yu hai katika lugha moja, amekufa katika nyingine: ubunifu ulioje! Nikasema ndivyo nilivyokusudia tangu mwanzo. Akidhani kitabu ni maisha yangu, akanipa pole kwa msiba wa mama. Nikaipokea.

Jioni dada akapiga. Ndugu wamechanga nauli, Mama anakuja kwenye uzinduzi wa kitabu. Amesema mwana akikosa nauli, mama huja. Nikakaa chini sakafuni, nikalia kama mtoto. Nampenda mno yule mwanamke.

Kisha nikamwandikia mhariri: uzinduzini atakuwepo mama yangu mdogo, pacha wa marehemu. Asishtuke, wanafanana sana.

Dada anasema njia ya mwongo fupi. Vizuri, tutafika mapema. Bado kumweleza Mama tu. Nitampigia kesho. Atakubali. Ni jioni moja, na mwanawe ni mimi.