Huyu Clément wa mu Ordinateur Ni Nani?

Kazi moja, ni kusema lundi, tarehe 9 septembre

Benita iko na siri. Sijasema iko na bwana. Nimesema siri. Lakini siri ya binti mwenye kumaliza université na kukaa nyumbani bila kazi, mara mingi inakuwaka na ndevu.

Tangu asubuhi iko mbele ya ordinateur yake, ile muzee yenye bureau moja ya mu muji ilikuwa inatupa. Kioo nyeusi. Maandishi ya kijani. Hakuna picha, hakuna rangi, ata kale kamushale ka kukimbia pa kioo hakako. Nikauliza iko nafanya nini. Eti iko nasoma mail. Aka! Mail ninaijua. Jirani yetu Mounira alinionyesha mail mu telefone ya binti yake Kulthumu: nyeupe, muzuri, na sura ya muntu pembeni. Hii ya Benita ni kama nyumba yenye courant imekatika.

Akanieleza pole pole, vile bantu banaelezaka mugonjwa. Hii inaitwa éditeur, ni karatasi yake ya kuandikia programme. Ameingiza mail ndani, juu site ya mail inamumalizia mégas, ile connexion ya kununua, mbele ya kufunguka. Nikauliza juu ya nini barua ya bantu ikae ndani ya karatasi yake. Akacheka. Wakati anacheka, jicho yangu ikashuka pa kioo. Clément. Chini yake, Clément. Chini tena, Clément!

Nikauliza ni nani. Akasema ni bintu bya kazi, maman, kisha akafinya kifungo kimoja na Clément bote bakapotea. Muntu wa kazi anakimbiaka hivi?

Kazi mbili, tarehe 10

Nikapeleka mambo kwa Mounira, pa ukuta. Bwana yake ni fundi wa nguo, yeye ni fundi wa maneno. Alisema mwanaume mwenye nia ya kweli anaandikaka mu telefone, bantu banaona. Mwenye kujificha mu giza iko na muke. Akaongeza kwamba Kulthumu yake anamuonyeshaka kila kintu. Kila kintu! Nikamuambia na mi Benita ananionyeshaka. Nilidanganya. Sasa inapashwa kuwa kweli.

Mupango: nitajifanya mwanafunzi.

Nikamuambia Benita ninataka kumuandikia dada yangu mukubwa Marie-Thérèse, mwenye iko ku Likasi. Akanikumbatia! Mi masomo niliiachia ku primaire, hakuna muntu alishaniambia nitaandika mu mashini. Alifurahi mpaka nikasikia haya. Kidogo.

Akanitengenezea adresse. Mot de passe, neno ya kufungulia, nikachagua jina ya marehemu baba yake. Akasema ni rahisi sana, bezi batajua. Nikasema mwizi mwenye kumujua baba yako aingie tu, anisalimie. Kisha akaandika mistari mingi: mail inatokea wapi, inapitia mulango gani. Kuna kaprogramme kanaendaka kuchota mail, kama mutoto wa kutumwa ku robinet: anaenda na bidon, anarudia na maji. Robinet ikiwa kavu, anarudia na bidon tupu, na hakuna wa kumupiga. Na barua yenye umeandika, connexion ikikosa, inakaa mu rangée, inangojea. Eti kama taxi ya Kambove, haitoke mpaka ijae.

Taxi ya Kambove. Kati ya taxi yote ya Katanga, yeye anachagua ya Kambove! Nikaweka ile mu kichwa.

Kazi tatu, tarehe 11

Benita alienda kununua makala ya kupikia. Nikafungua. Nikaona Clément, nikafinya. Kifaransa! Kirefu, na adabu, hakuna ata "chérie" moja. Ile njo iliniogopesha zaidi. Mwanaume mwenye kusema chérie, unajua anatafuta nini. Lakini huyu? Nikatafuta maneno yenye ninajua. Kambove. Lundi. Na chambre, chumba ya kulala.

Chambre! Anamupa mutoto yangu chambre ku Kambove, katikati ya bachimbaji na vumbi!

Benita alishanifundisha, d ni ya kutupa. Nikafinya d. Haikutupa kintu. Ka-D kamoja kakatokea pembeni, basi. Nikafinya pa Clément yote. D, D, D, imesimama kama basoda ba jeshi, na barua yote iko pale pale. Mashini inamuchunga! Nikashusha mufuniko, nikaenda kuosha sahani zenye zilikuwa safi.

Kazi ine, tarehe 12

Benita amelia.

Kumbe D haitupi. D inasema tu "nitatupa". Inangojea x, kisha inauliza kama ni kweli. Benita alikuwa na haraka, alitaka kutupa matangazo yake, akafinya x, akakubali bila kusoma, na Clément yote ikaenda. Akapiga kelele: tarehe ya kuonana nabo ilikuwa mule! Mi nilikuwa nachagua muchele. Nikachagua muchele kwa nguvu sana.

Kisha akasema hapana, iko mu poubelle, pipa ya takataka, na poubelle haijachomwa. Poubelle gani ya Lubumbashi haijachomwa? Lakini akachokora, akaitoa yote, nzima, bila jivu. Nikamushukuru Mungu na nikakasirika, yote pamoja.

Alinitazama tu. Ni mubaya kuliko kuuliza.

Wakati alienda kuoga, roho yangu ikashindwa. Nikaandika mu mail yake yenye aliacha wazi, kwa Kiswahili yangu, kidole kimoja kimoja:

"Bwana Clément. Mi ni mama Benita. Mutoto yangu hawamuokoti mu giza. Kama uko na adabu kuja muchana na bakubwa bako, ukae pa kiti, tukuone sura. Ile chambre, ulale weye."

Nikashikilia kifungo cha pembeni, nikafinya c mara mbili, vile nilifundishwa. Mashini ikasema barua iko mu rangée. Mégas haiko mu nyumba. Basi haitaenda. Ni ya kupoza roho tu. Kesho nitaitoa.

Kazi tano, tarehe 13

Kesho! Niliamuka, Benita haiko, ordinateur haiko. Mounira akasema pa ukuta kwamba alimuona anapanda taxi ya Golf, na sac ku mugongo. Ku Golf, ule mutaa ya batajiri, kuko tantine yake Cathy. Kwa tantine Cathy kuko connexion ya nyumba nzima. Mama eh! Nikakimbia na kikwembe ya jikoni, mikono iko na unga ya bukari. Mu taxi bantu bakanipa nafasi, bakafikiri kuko kilio.

Mulinzi ya kwa tantine akakatala kufungua mulango. Nikamuambia niko natafuta barua. Akauliza niliipoteza wapi. Nikasema haijapotea, haijatoka, na njo nataka isitoke. Akaniambia pole, maman, kaa hapa mu kivuli, unywe maji.

Benita akatokea anacheka. Eti connexion ya tantine ni muzuri, rangée imeisha, yote imeenda. Yote! Akauliza ninalia nini. Nikasema ni jua.

Magaribi nikaenda kwa kaka yangu Gérard. Nikamuambia kesho avae koti. Kama tu. Hakuuliza mara mbili. Gérard anapendaka sana mambo ya ndoa, ata ya bantu benye hajue.

Siku ya posho, ni kusema samedi, tarehe 14

Bamefika.

Jeep moja, nyekundu ya vumbi, ikasimama mu lupango, mu uwanja ya nyumba. Akashuka muzee mumoja mwenye upara, pete mu kidole, anakohoa. Njo Clément! Ule wa mu giza! Nyuma yake mama mumoja mukubwa, anaitwa Madame Léonie. Nikafikiri ni shangazi yake. Benita alikuwa anaanika nguo. Alipobaona, beseni ikaanguka.

Mbele muntu afungue kinywa, Gérard akasimama na koti yake. Akabauliza ni maua gani mu hii lupango yenye bo bamekuja kuchuma. Madame Léonie akasema bo habakuja juu ya maua. Bako na coopérative ya bachimbaji, yeye ni présidente, Clément ni secrétaire, na banatafuta muntu wa kufundisha bachimbaji mail, juu kule réseau ya telefone inakuja na kupotea. Chambre ni mu nyumba yake mwenyewe, pamoja na binti zake. Gérard akasema amesikia, lakini mbuzi ya mahari haijatajwa.

Kisha Madame Léonie akatoa telefone. Akasoma barua yangu. Yote! Mu lupango muzima! Alipofika pa "ulale weye", Mounira akacheka mpaka karibu aanguke ku ngambo yetu. Madame Léonie hakucheka. Alisema balikuwa bamekwisha kumuchagua Benita. Lakini muntu mwenye kuacha mail yake wazi, mama anaingia na kuandikia chef, atachunga namna gani mail ya bantu? Leo mama ameandikia secrétaire, kesho ataandikia banunuzi ba madini. Bamekuja kumuambia uso kwa uso, juu ni adabu. Bataangalia muntu mwengine.

Nikamutazama mutoto yangu. Hakulia. Afadhali angelia. Tangu université anangojea hii kazi, na mi niliiua na c mbili.

Benita akapangusa mikono. Akamuambia Madame Léonie, na sauti ya chini, kwamba kosa ni yake, mot de passe yake itabadilika leo. Lakini akauliza: hii barua, nani aliiandika? Mama mwenye kuachia masomo ku primaire. Aliandikia mu nini? Mu éditeur, bila souris na kamushale kake, bila picha, bila connexion, na ikafika. Nani alimufundisha? Yeye Benita, siku moja. Bachimbaji benu bako na kichwa ngumu kupita maman?

Clément akakohoa. Safari hii haikuwa vumbi. Alikuwa anacheka.

Madame Léonie akasema tuone. Nikakaa pa meza, bantu bote ku mugongo, Gérard ananipumulia mu shingo. Clément akatoa connexion ya telefone yake. Nikaandika: "Madame Léonie. Munisamehe. Mutoto ni muzuri. Mama njo mubaya." Kifungo cha pembeni, c, c. Sac ya Madame Léonie ikalia. Akasoma, akakunja telefone mu kitambala. Kisha akauliza kama mu hii nyumba hakuna munkoyo ya kunywa. Eti Benita aanze lundi ya kesho kutwa? Hapana, ya wiki ingine, bamusafishie chambre.

Gérard bado anasema mbuzi.

Kazi moja, tarehe 23

Amekwenda. Nilimufungia bukari, samaki, shuka, dawa ya tumbo, shuka ingine. Ordinateur muzee ameniachia, bamemupa ingine ku kazi. Mbele ya kupanda, aliniapisha pa picha ya baba yake: sitaandikia muntu yeyote ku Kambove, yeye tu. Nikaapa. Na roho yote! Mambo ya kushuku imeisha. Nimejifunza. Mutoto ni mukubwa, na mi ninajua mail kupita Mounira.

Kazi ine, tarehe 3 octobre

Benita anaandika kila siku. Chakula muzuri. Bachimbaji bazuri. Chambre muzuri. Yote muzuri! Kintu gani mu dunia iko yote muzuri?

Na kuko Mwape. Mwape alimutengenezea meza. Mwape alimuletea sombe, mboga ya majani ya muhogo. Mwape anachekesha. Mwape hii ni mwanaume ao mwanamuke? Jina haisemi, na Benita pia hasemi. Nilimuuliza Mounira. Akasema ata yeye hasemi kintu, lakini akasema na jicho.

Niliapa sitaandika, na sitaandika. Kwenda, hatukusema kintu juu ya kwenda.

Niko mu bus ya Kambove, kiti ya mbele. Chauffeur ameuliza mara mbili kama hiki kifuko chenye kinanuka sombe ni changu. Ni cha kwangu. Sombe ya maman, Mwape aonje, tuone nani anapika. Nitasema nilikuwa napita tu.