Mfereji wa Mita Mia Sita

Ijumaa, 24 Oktoba

Barua kutoka Baraza la Wahariri! Tovuti ya habari ikitumia akili mnemba, iseme wazi. Na awepo binadamu aliyeisoma habari kabla haijatoka. La sivyo, kitambulisho cha uandishi hakiongezwi muda. Changu kinaisha Alhamisi. Miaka kumi na moja, nilianza na simu yenye kioo kilichopasuka, leo nafundishwa kusoma! Haya ni majungu ya Kabagwira wa tovuti ya mlango wa pili. Ana waandishi wawili wenye mabuti, basi anajiona malaika.

Nimetii. "Imeandikwa na akili mnemba": herufi za kijivu juu ya kijivu.

Kesho umuganda, kazi ya pamoja ya kijiji ya kila mwisho wa mwezi. Nimeripoti thelathini na moja. Ishirini na nane zilikuwa mfereji. Kwa nini nisubiri? Mashine imemaliza kwa sekunde tisa: kijiji chetu hapa Ndera kimechimba mita mia sita, na mkuu wa kijiji, Mzee Nsabimana, amefurahi mno.

Jumamosi, 25 Oktoba

Imetoka saa tano kamili. Wasomaji 4,112. Kabagwira bado anafuta tope. Mimi bado niko kitandani. Mwandishi hashiki jembe, yuko kazini.

Jumapili, 26 Oktoba

Balaa! Jana hakuna aliyechimba. Upepo ulikuwa umeezua paa la Mama Akimana, kijiji kizima kikapanda juu na nyundo. Kwenye kikao cha baadaye jina langu likaitwa, sipo. Mzee Nsabimana, simu mkononi, akauliza kama mwandishi wetu bado yuko mferejini. Walicheka mpaka mabati mapya yakalia.

Kibaya zaidi: wakubwa wake wamesoma, wamempongeza. Kesho kutwa asubuhi wanakuja kuuona.

Jumatatu, 27 Oktoba

Hesabu: mita moja, dakika ishirini na tano. Mita mia sita, saa mia mbili na hamsini. Zimebaki ishirini. Sikati tamaa! Nimechimba mita nne. Ya tano ilikuwa na bomba la maji la Mzee Nsabimana.

Jumanne, 28 Oktoba

Asubuhi wakubwa walionyeshwa mita nne za maji. Mchana nikaitwa mtaa wa Kacyiru, mbele ya Baraza. Wakauliza: nani aliisoma habari ile? Nikasema kosa ni la mashine. Mwenyekiti, Bi Mutesi, akasema mashine haina kitambulisho cha kunyang'anywa, mimi ninacho. Je, niliisoma? Nikajibu kwa heshima kwamba nilihesabu maneno. Mzee Nsabimana, mlalamikaji, suruali imelowa hadi magotini, akaguna.

Hukumu: kesho nitoe masahihisho na kuomba radhi, niandike mwenyewe. La sivyo, kwaheri kitambulisho.

Jumatano, 29 Oktoba

Imetoka! Sekunde sita. Maneno mia mbili na kumi, nimeyahesabu mara mbili.

Kabagwira amenitumia pongezi. Pongezi za nini? Nikachungulia mstari wa mwisho: "Tunaomba radhi kwa kosa la vipimo. Mfereji una mita mia nane, na Mzee Nsabimana anawakaribisha nyote Jumamosi kuuona."

Mia nane. Hadi Jumamosi, siku mbili na nusu.

Nimenunua jembe la pili. Majembe mawili, muda nusu.